Rekodi ya maikrofoni za masikioni imeharibika: dalili, chanzo na dawa yake

Anayeketi kwenye ngazi za mawe za Ngome Kongwe, Zanzibar, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, akiwa amepachika maikrofoni mbili ndogo kwenye milango ya masikio yake, huonekana kama mtu aliyevaa hedifoni za simu tu. Anachokinasa ni sauti jinsi inavyomfika yeye mwenyewe: mpigo wa rika (tari ndogo ya taarab) uliotoka kulia hulifikia sikio la kushoto ukiwa umechelewa kwa muda usiozidi sana milisekunde 0.7, tena ukiwa umepungua makali kwa sababu kichwa kimeukinga. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazomwezesha msikilizaji wa baadaye, akivaa hedifoni, ajihisi ameketi mahali palepale. Rekodi za namna hiyo huitwa za bainora, yaani za masikio mawili.

Kwa kuwa kichwa ni sehemu ya chombo, kasoro nyingi zinazolaumiwa kwenye kinasa sauti huwa zimetoka kichwani, kwenye nguo au mahali pa kuketi. Watu wengi huanza kwa kununua waya mpya. Mimi nashauri kuanza na jaribio lisilogharimu kitu.

Geuza kichwa kwanza

Wapigaji wanapotia sauti nyuzi za udi na kanuni, na fundi mitambo bado anahangaika na spika zake, washa kinasa sauti na unase dakika moja. Kwaruza kidole karibu na sikio la kulia huku ukitamka “kulia”, halafu fanya hivyohivyo kushoto. Tazama jukwaa kwa sekunde chache, geuza uso kushoto, tulia, kisha geuza kulia na utulie tena. Sikiliza hapohapo kwa hedifoni.

Kasoro inayohama unapogeuka, ikatoka sikio hili kwenda lile, iko ukumbini: ni spika, jenereta, feni au mlango unaopitisha upepo. Kasoro inayoganda mahali pamoja, hata ugeuke namna gani, iko kwenye waya, kwenye kapsuli (kichwa cha maikrofoni kinachopokea sauti), kwenye kinasa sauti au mwilini mwako. Kasoro inayotokea tu wakati wa kugeuka, kisha ikanyamaza, ni ya nguo au waya unaosuguana na kola. Maikrofoni ya kawaida iliyosimamishwa juu ya mguu wake haiwezi kukupa uchunguzi huu kwa urahisi, na kwa hiyo ni kosa kubwa kuziacha sekunde hizo zikapita kwa mazungumzo.

Sauti inapasuka ingawa kipimo hakikufika kwenye nyekundu

Hii ndiyo dalili inayowatatiza watu zaidi, na ilinitatiza mimi pia. Nilikuwa kwenye harusi moja Ng'ambo ambako kidumbak, yaani kikundi kidogo cha taarab ya mitaani, kilipangwa uani chini ya turubai, nami nikaketi hatua tatu tu kutoka kwa mpiga sanduku, yaani besi ya sanduku la mbao lenye uzi. Kiwango cha kunasa nilikuwa nimekishusha mpaka vilele vikabaki kama desibeli 12 chini ya mwisho wa kipimo, na taa nyekundu haikuwaka hata mara moja. Nyumbani nikakuta kila mvuto wa uzi wa sanduku umepasuka kama karatasi, na fidla iliyokuwa juu yake imepasuka pamoja nalo. Vidumbak, yaani ngoma zake ndogo, vilivyokuwa vikilia peke yake, bila ya sanduku, vilikuwa safi.

Nilipolifungua faili katika programu ya Audacity na kulikuza wimbi, niliona vichwa vya mawimbi vimekatwa bapa, lakini vimekatwa chini kabisa ya mwisho wa kipimo. Hapo ndipo jawabu lilipo. Wimbi likikatwa mwishoni kabisa mwa kipimo, kosa ni la kiwango cha kunasa, na dawa ni kukishusha. Wimbi likikatwa chini ya hapo, sauti ilikuwa imekwisha kuharibika kabla ya kukifikia kitufe cha kurekebishia kiwango, ama ndani ya kapsuli ama kwenye mlango wa umeme wa maikrofoni, na kushusha kiwango kunakupa tu sauti ileile iliyopasuka ikiwa ndogo zaidi.

Sababu yake ni hii. Kapsuli hizi ndogo ni za elektreti, yaani zenye chaji ya umeme ya kudumu, na kila moja ina transista, kikuza sauti kidogo, inayohitaji umeme kidogo, ambao kwa kawaida hutoka kwenye tundu lilelile la maikrofoni la kinasa sauti. Umeme huo huwa ni volti mbili au tatu hivi, nao unatosha kwa mazungumzo na kwa udi wa pekee. Besi nzito inapoisukuma kapsuli kwa nguvu, transista hukosa nafasi ya kupanda na kushuka, na wimbi hukatwa kichwa. Dawa ni kisanduku cha betri ya volti 9, ambacho hukaa katikati ya maikrofoni na kinasa sauti na kuipa kapsuli nafasi kubwa zaidi (msomaji asikichanganye na sanduku lililoleta balaa). Sauti inayotoka humo hupelekwa kwenye tundu la laini (line in) badala ya tundu la maikrofoni, kwa sababu muziki mkubwa una nguvu ya kutosha bila ya kukuzwa tena. Baadhi ya visanduku hivyo vina swichi ya kupunguza besi. Itumie karibu na spika kubwa, lakini usiitumie kwa taarab ya ala tupu, maana sello na besi ya kusimama zitakonda.

Asiye na kisanduku ana njia nyingine, nayo ni miguu yake. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya ala hupungua kwa kiasi cha desibeli 6. Uani au ndani ya ukumbi hupungua chini ya hapo kwa sababu kuta zinairudisha. Kutoka hatua tatu hadi hatua sita kungeniokoa usiku ule, na pengine ningepata mlingano bora wa ala. Mbele ya spika za tamasha kuna sababu ya pili ya kusogea: kwa mujibu wa kiwango cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu, hata ukifika desibeli 100 zimebaki dakika 15. Maikrofoni ikiumia hununuliwa nyingine.

Kuna mpasuko wa aina ya pili, mfupi na mkali, unaotokea mara tano au sita tu katika usiku mzima. Huo ni wa vigelegele. Shangazi aliyeketi ubavuni akifurahishwa na ubeti, kigelegele chake hulifikia sikio lako kutoka umbali wa mkono mmoja, nacho kitaishinda okestra nzima. Hakuna anayeweza kumwambia shangazi asipige kigelegele, wala hapana haja. Acha nafasi ya desibeli 12 au zaidi juu ya sauti ya kawaida ya ala, na unase kwa biti 24, ili sauti itakayobaki chini iweze kupandishwa baadaye bila ya kuleta mvumo wa “shh” chini yake.

Okestra inazama na kuibuka

Ikiwa baada ya kila kigelegele au kila mpigo mkubwa wa dumbak ala zote zinadidimia, kisha zinapanda polepole kama maji kujaa, kinasa sauti chako kimeachwa kijirekebishe kiwango chenyewe. Vinasa sauti vingi vidogo, na karibu programu zote za kunasia kwenye simu, hufanya hivyo mpaka vizuiwe. Tafuta mpangilio huo kwenye menyu, uuzime, na uweke kiwango kwa mkono. Rekodi iliyokwisha kuharibika kwa namna hii hairudi, kwa sababu tofauti ya sauti ndogo na kubwa, ambayo mtribu (mwimbaji wa taarab) aliifanyia kazi, imefutwa.

Pande mbili zinafanana, au upande mmoja umekufa

Tazama plagi kabla ya jambo lolote. Plagi ya maikrofoni ya stirio ya milimita 3.5 ina mistari miwili ya kutenganisha na sehemu tatu za chuma. Tundu la hedifoni la simu limetengenezwa kwa plagi ya sehemu nne, na hata ukipata kiunganishi kinachoingia vizuri, tundu hilo hupokea maikrofoni moja tu. Matokeo yake ni kwamba simu huenda ikanasa kwa maikrofoni yake yenyewe iliyo mfukoni mwako, au ikachukua sikio moja na kulirudia pande zote mbili. Jaribio la kidole litakuonyesha mara moja: ukikwaruza kulia na sauti ikasikika katikati, hiyo si stirio. Kinachotakiwa ni kinasa sauti chenye tundu la maikrofoni la stirio linalotoa umeme, ambao mara nyingi nao huwashwa kwenye menyu. Ukiwa umezimwa, pande zote mbili hunyamaza au husikika kwa mbali sana. Kamwe usiziunganishe maikrofoni hizi, kwa kiunganishi cha kubahatisha, na tundu kubwa la pini tatu linalotoa volti 48.

Upande mmoja ukikatika na kurudi unapougusa waya, waya umevunjika ndani, kwa kawaida karibu na plagi. Plagi ambayo haikuingia mpaka mwisho huleta dalili hiyohiyo, na ndiyo ya kuangaliwa kwanza.

Pande zikiwa zimebadilishana, yaani kanuni iliyokuwa kushoto ikasikika kulia, zigeuze katika programu ya kuhariri; ni kazi ya dakika moja. Iliyofichika zaidi ni hali ya pande mbili kusikika sawa lakini bila ya katikati, mwimbaji akawa kama amemwagika pembeni na besi ikawa hafifu. Geuza nakala ya rekodi iwe ya mono, yaani pande mbili zichanganywe kuwa moja: besi ikizidi kupotea badala ya kuimarika, kapsuli moja imeunganishwa kinyume na mwenzake. Pindua wimbi la upande mmoja katika programu, na baadaye umpelekee fundi maikrofoni.

Mchakacho usiokwisha

Wanawake wa visiwa vyetu wanaijua hali hii mapema kuliko wanaume. Mtandio unapopita juu ya masikio hufanya madhara mawili kwa pamoja: unafunika kapsuli na kuzima sauti nyembamba za nai (filimbi) na fidla, na kila unapotikisika unachakachua kama mtu anayekunja gazeti. Kitambaa chepesi cha pamba, kilichovutwa kikakaza na kubanwa kwa pini nyuma ya masikio, hupunguza mchakacho karibu wote, ingawa sauti nyembamba zitapungua kidogo, na hizo zinaweza kuongezwa baadaye. Kitambaa cha kung'aa chenye wanga ndicho kibaya kuliko vyote. Kofia ya mkono haina neno ikikaa juu ya masikio, ila ukiishusha mpaka ikagusa mikunjo ya sikio, kila unapokunja uso itasikika.

Waya nao hupeleka mitikisiko moja kwa moja kwenye kapsuli. Upitishe nyuma ya shingo, ubane kwenye kola kwa kibanio, na uache kitanzi kidogo kati ya kibanio na sikio ili mvuto usifike juu. Kanzu iliyopigwa pasi kwa wanga mwingi itakwaruza waya hata ukipumua.

Kisha kuna mwili wenyewe. Kutafuna karanga, kumeza mate, kusafisha koo na kuitikia kiitikio husikika kwa ukaribu wa kutisha, kwa kuwa mdomo wako uko karibu na kapsuli kuliko ala zote. Ninayo rekodi nzuri ya okestra ya Mji Mkongwe ambamo, katika wimbo ulio bora kuliko zote, kuna mtu anayevumisha kiitikio nusu sauti chini kidogo ya mtribu, na mtu huyo ni mimi.

Hatari nyingine ya ukaribu ni maneno ya majirani. Maikrofoni hizi hazionekani, na minong'ono ya safu ya nyuma huingia ikiwa safi kuliko shairi. Mwombe idhini kiongozi wa kikundi na mwenye shughuli kabla ya kuvaa chochote. Penye sherehe ya wanawake watupu, ambako wageni hujiachia kwa sababu hapana picha wala rekodi, ziache nyumbani.

Upepo

Bustani ya Forodhani na viwanja vya pwani vya Pemba havina huruma wakati wa kusi. Dalili ni ngurumo ya chini inayokuja kwa vipindi, yenye nguvu zaidi kwenye sikio linaloelekea upepo. Ukigeuka nayo inahama, kwa hiyo ni ya nje, lakini huzaliwa pale hewa inapoipiga kapsuli, na ndiyo maana hata upepo usioutambua usoni unaweza kufunika besi. Sponji nyembamba husaidia ndani ya ukumbi. Nje panahitajika kifuniko chenye manyoya. Bora zaidi ni kutafuta ukuta. Nyuma ya kuta za Ngome hali huwa tofauti kabisa na barabarani, ingawa umbali ni wa hatua chache.

Mvumo na mlio wa titi-titi

Mvumo mzito unaoganda masikioni, wa hezi 50 au 100, kwa kawaida huja pale kinasa sauti kinapochajiwa huku kikinasa. Kichomoe kwenye chaja na utumie betri. Ukihama unapogeuza kichwa, ni wa spika au wa jenereta, na mwenye dawa ni fundi mitambo. Wewe unaweza tu kuketi mahali ambapo jengo linaikinga jenereta. Mlio wa titi-titi-titi unaokuja kwa vipindi ni wa simu inayotafuta mnara. Iweke simu katika hali ya ndegeni, na usiiweke mfuko mmoja na kinasa sauti.

Mtatariko baada ya nusu saa

Mwanzo rekodi ni safi, kisha upande mmoja unaanza kutatarika kama mafuta ya kukaangia kachori, na kesho yake asubuhi kila kitu kiko salama. Huo ni unyevu. Joto la miezi ya kaskazi pamoja na jasho hujaza maji mlango wa sikio, na kapsuli ya elektreti, ambayo hufanya kazi kwa chaji ndogo mno, huanza kuivujisha. Usitumie mashine ya kukaushia nywele. Ziweke maikrofoni katika kopo lenye mfuniko wa kukaza pamoja na vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uziache usiku kucha, na uzihifadhi humo daima. Sauti ikififia taratibu kwa wiki kadhaa bila ya kutatarika, angalia nta ya masikio kwenye sponji. Plagi iliyoingia ukungu wa kijani kwa chumvi ya bahari isuguliwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Jukwaa linayumba

Ukisikiliza na okestra ikawa inazunguka chumba kizima, ulikuwa ukitikisa kichwa. Kichwa bandia cha Neumann KU 100, kinachotumiwa studio, hakina tatizo hili, kwa kuwa hakifurahi. Binadamu anayesikiliza taarab hufurahi, na zaidi ya hapo huinuka kwenda kutunza: anatembea mpaka mbele, anamwekea mwimbaji noti, anarudi huku akicheza. Msikilizaji wa baadaye atapata kizunguzungu. Chagua alama moja jukwaani, kwa mfano mpiga kanuni, uikazie macho, na pesa za kutunza mpe mwenzako akupelekee. Miondoko midogo haidhuru. Hata huifanya rekodi ionekane hai.

Mwimbaji anasikika nyuma ya kichwa, au rekodi ni nyembamba kwenye spika

Hapa mara nyingi hapana kilichoharibika. Mikunjo ya nje ya sikio ndiyo inayotusaidia kutenganisha mbele na nyuma, na mikunjo yako si ya msikilizaji. Tena yeye hawezi kugeuza kichwa ndani ya rekodi ili ahakikishe. Wengine watamsikia mtribu mbele, wengine ndani ya paji la uso, wengine kisogoni. Kasoro ya kweli ipo ikiwa kapsuli zilikaa nje mno, kwenye ukingo wa sikio, ambako mikunjo haifanyi kazi yake. Zisogeze ndani mpaka ziwe sawa na mlango wa tundu, bila ya kuzisukuma zaidi. Kwenye spika, sauti ya kila upande hufika masikio yote mawili na mpangilio wote huvurugika, kwa hiyo ihukumu rekodi kwa hedifoni tu.

Faili halimo

Kunasa kwa hezi 48,000 na biti 24 huchukua kiasi cha GB 1 kwa saa. Baadhi ya vinasa sauti hufunga faili linapofika GB 2 na kufungua jingine, hivyo usidhani nusu ya pili imepotea kabla hujatazama orodha nzima. Betri ikizimika kabla ya kitufe cha kusimamisha kubonyezwa, faili huweza kubaki bila ya kufungwa na likakataa kusomeka. Weka betri mpya kila usiku, na simamisha mwenyewe kati ya nyimbo mbili. Funga vitufe vya kinasa sauti kwa swichi ya kufungia kabla ya kukitia mfukoni. Na kwenye vinasa sauti vinavyotaka kitufe cha kunasa kibonyezwe mara mbili, taa nyekundu inayomemeta maana yake ni kwamba bado kinasubiri.